Ndege Imekosa Ngazi

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa nyama buchani kabla hujasoma safu hii, nitakupa kwa ufupi.

Nilifutwa kazi ya uchapaji Kampala kwa sababu ya kadi ya harusi. Niliichapisha na jina la bibi harusi mwingine. Ilikuwa mchezo tu. Bosi hakucheka, na bwana harusi alinikimbiza mpaka nikaacha kiatu kimoja sokoni. Halafu Ann, dadangu, akapiga simu: Baba anauza shamba la Kitengela, rudi. Akanitumia tiketi. Niliwaacha nikipanda ndege Entebbe, nimevaa viatu vya jirani.

Hilo shamba si la kahawa, msinielewe vibaya. Ni kipande cha udongo mweusi, mvua ikinyesha unabaki bila soli. Lakini miaka hii kila mtu anataka kujenga Kitengela. Na kule nyuma, karibu na ua wa miiba ya kaiyaba, ndiko mama amelala. Nyakio. Simiti tu na jina.

Sasa, bodi ya ardhi Kajiado haikubali mzee auze peke yake. Anakuja na mke, kama yuko, na watoto wote wakubwa. Mmoja mmoja mnasimama mnaulizwa: unajua baba yako anauza? Umekubali? Mmoja akisema hapana, faili inarudi kabatini.

Siku ya bodi ndiyo ilikuwa hiyo hiyo ya safari. Na mimi nilikuwa nakuja kusema hapana.

"Mimi nikikataa watasema ni msichana, ameshaolewa Bisil," Ann aliniambia. "Wewe ndiye kifungua mimba. Wewe watakusikiza."

Neno moja tu. Nililifanyia mazoezi mbele ya kioo cha choo cha ndege.

Tulitua Nairobi asubuhi, vizuri kabisa, watu wakapiga makofi. Shirika letu la ndege lilikuwa linaitwa Mbayuwayu. Lilikuwa na ndege mbili, na ile nyingine ilikuwa Mwanza ikingoja tairi.

Ndege ikatembea ikatembea, ikaenda kusimama mwisho kabisa, karibu na nyasi. Injini ikazimwa. Wote tukasimama, tukashika mizigo, tukainamisha vichwa chini ya yale makabati.

Tukakaa hivyo. Halafu mmoja akaketi. Halafu wote.

Rubani akasema kwa spika tuvumilie kidogo. Kidogo ya rubani ni kama kesho ya fundi.

Kulia kwangu alikuwa mzee mmoja mnene wa koti, anaitwa Wakhungu. Kushoto, dirishani, mama wa Kisomali anaitwa Muno, mfanyabiashara wa mbuzi pale Bisil. Alikuwa ametoka kuona mjukuu. Mimi nilikuwa katikati kama soseji.

Wakhungu akainua mkono. Mhudumu akaja, msichana mpole. Beji yake ilisema Mbeke.

"Kwani ni nini?"

"Ni ngazi, mzee."

"Ngazi imefanya nini?"

"Watu wanaosukuma ngazi wamegoma."

"Wote?"

"Wote."

"Na nyinyi hamna ngazi yenu?"

"Tuko nayo," Mbeke alisema. "Iko Mwanza."

Wakhungu akatoa leso akajipangusa shingo. Upepo wa ndani ulikuwa umekufa pamoja na injini. Kwa dirisha la Muno niliona ukungu wa viwanda vya simiti vya Athi River. Nyuma ya ule ukungu ni Kitengela. Ukinipa pikipiki na barabara isiyo na malori, ningekuwa Kajiado kabla chai haijapoa.

"Mimi napeleka mbuzi kwa lori," Muno alisema, kama anaongea na dirisha. "Jua likiwa namna hii, tunasimama. Mbuzi anashushwa, anapewa maji, anapumua. Akifa ni hasara yangu." Akanigeukia. "Sisi tukifa humu, mwanangu, ni hasara ya nani?"

Nikampigia Ann.

"Umefika wapi?" Nyuma yake nilisikia watu wengi na mbuzi mmoja. Alikuwa tayari kwa uwanja wa ofisi, Kajiado.

"Tumetua. Lakini tumefungiwa."

"Na nani?"

"Na hakuna mtu. Ndege imekosa ngazi."

Ann akafyonza.

"Wachira, leo si siku ya mchezo."

"Si mchezo."

"Ulisema hivyo pia ile siku ulipiga ukijifanya daktari wa wanyama. Baba akafungia ng'ombe ndani wiki nzima."

"Ann, nisikize. Nakupa mtu mwingine."

Hapo ndipo nilikosea. Nilimpa Wakhungu simu, na Wakhungu ni mtu wa sauti ya mazishi.

"Madam," alisema, "mimi ni abiria mwenzake. Nathibitisha mbele ya Mungu na watu kwamba ndugu yako yuko ndani, na ngazi haiko." Akaendelea. Akaeleza habari ya mgomo. Akaeleza habari ya Mwanza. Aliponirudishia simu, kredo ya kupigia ilikuwa inapumua mwisho.

"Huyo umemtoa wapi?" Ann aliuliza. "Anaigiza vizuri. Kama hutaki kuja, sema hutaki." Laini ikakatika. Kredo ilikuwa imekufa.

Sikukasirika. Ningetaka kuwaambia nilikasirika, ingekuwa hadithi nzuri zaidi. Nilikaa tu.

Joto likapanda. Maji yakaisha. Choo cha nyuma kikajaa, cha mbele kikawa na foleni, na mtoto mmoja akalia mpaka akachoka akaanza kulia bila sauti. Wakhungu akasimama.

"Msichana, fungua mlango."

"Siwezi, mzee. Sheria inasema mkae, mfunge mkanda."

"Sheria gani?"

Mbeke akaangalia juu kama sheria imeandikwa kwa dari.

"Hiki ni kifungo kisicho halali," mimi nikasema. Sikuwa namwambia mtu. Ni maneno ya darasani yalinitoka, kama kikohozi.

Wakhungu akageuka pole pole. "Wewe ni wakili?"

Wale mnaonifuata mnajua nilisomea sheria mpaka mwaka wa tatu, na mnajua ile habari ya tangazo la uongo la mtihani, nililobandika nikafukuzwa. Kozi yenyewe ni ya miaka minne. Kwa hiyo mimi ni wakili robo tatu.

"Ndiyo," nikasema.

"Jamani, tuko na wakili humu," Wakhungu akatangaza, na vichwa vyote vikageuka.

Nikasimama. Ungefanya nini?

"Ukimzuia mtu asitoke mahali, na huna sababu ya kisheria, umemfunga," nikasema. "Hata kama mahali penyewe ni pazuri. Hata kama unampa karanga."

"Karanga hatukupewa," mtu akasema kutoka nyuma.

"Hilo pia nitaliandika."

Mpaka hapo nilikuwa nasema ukweli. Lakini Wakhungu akauliza lile swali lenyewe: sheria inasema abiria akae ndani mpaka lini ndio ashushwe? Akachomoa tiketi yake, akanipa nisome nyuma.

Nyuma ya tiketi kulikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa. Niliyasoma yote. Zilikuwa haki za ndege. Haki ya kuchelewa. Haki ya kubadilisha njia. Haki ya kutosema sababu. Abiria alikuwa na haki ya kubeba mkoba mmoja.

Nikamrudishia tiketi.

"Kuna Kanuni ya Mlango," nikasema.

Haiko. Nimeitunga nikiwa nimesimama hapo, jasho likinitoka kwa masikio.

"Injini ikizimwa na ngazi haiko, mlango unafunguliwa watu wapate hewa, na maji yanaletwa. La sivyo rubani anashtakiwa yeye binafsi. Si kampuni. Yeye."

Mtu haogopi sheria, anaogopea jina lake. Hilo ndilo somo moja nililotoka nalo chuo kikuu. Mbeke akaenda mbele akipiga hatua fupi fupi.

Rubani akaja mwenyewe. Anaitwa Odero, mrefu, shati limemkwama mgongoni.

"Nani ndio wakili?"

"Mimi."

"Wa kampuni gani?"

"Gakuru na Wana."

Gakuru ni babangu. Nilisema jina lililokuwa karibu.

"Sawa, wakili. Mimi pia nimefungwa humu. Mimi pia sijala." Hakuwa na hasira. Macho yake yalikuwa mekundu tu. "Unataka mlango? Njoo nikupe mlango."

Akatembea mpaka mbele, akashika mkono wa mlango, akasukuma. Mwangaza ukaingia mwingi. Upepo ukaingia na harufu ya nyasi kavu, na watu nyuma yangu wakasema aah, kama wamemwagiwa maji.

"Huo hapo," Odero akasema. "Hujafungwa tena. Enda."

Nikaangalia chini. Ukipandisha duka la mabati juu ya lingine, ndio urefu huo. Chini ni saruji tupu, na kivuli cha bawa.

"Hiyo kanuni haisemi kitu kuhusu huko chini?" Wakhungu akauliza taratibu.

Nikaketi pale ukingoni, miguu nje. Niwaambie ukweli, nilikuwa nimeamua kuruka. Mguu ukivunjika unavunjika. Kuna watu wamefika bodi wakiwa wamebebwa. Sikuwa na woga. Sikuwa na kitu chochote. Mwili wote ulikuwa kama mdomo wa mtu aliyetoka kung'olewa jino: unaushika na si wako.

Mbeke alinishika mshipi kwa nyuma.

"Wakili, rudi ndani."

"Niko na mambo Kajiado."

"Na mimi niko na kazi moja. Ukivunjika, wananifuta mimi. Rudi."

Nikarudi. Si kwa sababu ya Kajiado wala kazi yake. Alinivuta tu, na mimi nilikuwa mwepesi.

Simu ikalia mara moja ikanyamaza. Ann. Dunia ikiisha Ann ataiflash, impigie yeye.

Muno, ambaye alikuwa amekuja mbele kutafuta hewa, akaangalia simu yangu, akaangalia sura yangu. Akatoa yake kwenye mkoba. "Chukua. Piga."

Ann alishika kabla haijalia, nikasema ni mimi.

"Wachira, nijibu haraka. Uko wapi kabisa?"

"Ndani ya ndege."

"Ndege ya kweli?"

"Ann, nimechoka kukujibu."

"Basi ni nani amesimama?"

Alikuwa amepunguza sauti, kama mtu aliye kanisani. Akaniambia hivi. Faili yetu ilikuwa imeitwa. Karani wa bodi ni Naserian, tulisoma naye msingi pale Kitengela. Naserian akaita Gakuru, mzee akasimama. Akaita Ann Gakuru, Ann akasimama. Akaita Wachira Gakuru, na Ann akafungua mdomo aseme ndugu yangu hajafika.

"Halafu mtu akaitika. Amekaa mbele, karibu na Baba. Ameitika 'Niko', amesimama."

"Anafanana na nani?"

"Na wewe," Ann akasema. "Ni kama wewe, lakini mtu aliyekula vizuri."

Nikajua mara moja. Kila mtu anajua huo mchezo. Mzee ana mtoto mkaidi, anakodisha kijana wa stendi, anampa shati safi na jina, kijana anasema ndiyo mbele ya bodi, anaenda zake. Baba alikuwa amenunua mtu awe mimi.

Jambo la ajabu ni kwamba nilimheshimu kidogo. Sikujua mzee ana kipaji hicho.

"Enda kwa Naserian," nikamwambia Ann. Sasa hata sauti yangu ilikuwa ya wakili. "Mwambie huyo si mimi. Aombe kitambulisho mbele ya watu wote. Usikate simu."

Nikasikia viatu vyake. Nikasikia Naserian akisema, "Na mimi nilikuwa nashangaa, Wachira hana hayo mashavu." Nikasikia mwenyekiti wa bodi akiuliza kitu, na watu wakiguna. Wakhungu alikuwa amesogeza sikio karibu na simu bila aibu.

Ann akarudi.

"Kiko sawa," akasema.

"Nini kiko sawa?"

"Kitambulisho. Ni chake. Picha ni yake. Kimeandikwa Wachira Gakuru." Akavuta pumzi. "Amezaliwa mwaka mmoja kabla yako. Mahali pa kuzaliwa, wameandika Kona Baridi."

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hachaguliwi jina. Anaitwa babu yake, mzaa baba, basi, hakuna kikao. Babu yetu alikuwa Wachira. Baba angezaa na wanawake kumi, angekuwa na akina Wachira kumi, na kila mmoja angekuwa wa halali.

Na Kona Baridi naijua. Tangu nikiwa mdogo, kila mwisho wa mwezi, Baba alikuwa anaenda Kona Baridi kuangalia mizinga ya nyuki. Miaka hiyo yote. Sasa nilifikiria, na sikukumbuka kama tuliwahi kuonja asali.

"Uko hapo?" Ann akauliza.

"Niko."

"Baba hasemi kitu. Ameketi anaangalia kofia yake. Mwenyekiti ametutoa nje. Amesema, watoto wa Gakuru, nendeni mkaongee hapo nje, mrudi na jibu moja. Faili inayofuata ikiisha anatuita."

"Basi mrudi mseme hapana."

"Mimi nimesema hapana. Lakini hiyo siyo wanangoja. Wanangoja ya Wachira. Huyu hapa anataka kuongea na wewe. Nimpe?"

Nilisikia tu simu ikibadilisha mkono.

"Wachira," sauti ikasema.

Ilikuwa yangu. Ile unayosikia ukijirekodi na kukataa kwamba ni wewe.

"Ndiyo," nikasema.

"Mimi pia."

Kule nje, mbali, niliona kitu kinakuja kwenye saruji. Trekta ndogo, na nyuma yake, ngazi. Odero alikuwa anaipungia mkono. Watu wakaanza kusimama na kusukumana, wale wale waliokuwa wamezimia.

"Nilikuwa najua uko," akasema. "Mama aliniambia nikiwa mkubwa. Sikuja kukuibia. Baba aliniambia mtoto wake mwingine amekubali, yuko Kampala, kazi yangu ni kusimama jina likiitwa. Na jina ni langu."

"Alikuambia kuna kaburi?"

"Hapana. Ann ndiye ameniambia saa hii, hapa nje." Nikamsikia akihema. "Alisema ni shamba tu."

"Si shamba tu."

"Nimesikia."

Ngazi ikagusa ndege, chuma kikalia. Mbeke akanigusa bega. "Wakili, tangulia. Uko mlangoni."

"Sasa kataa," nikamwambia yule mtu. "Wewe ndiye mkubwa. Ingia useme hapana."

"Ningekataa. Lakini mama yangu yuko wodi. Ni figo. Wamemshikilia kwa mashine, na Baba hana kitu kingine cha kuuza. Ukiona amenileta mbele ya watu, mchana, mtu amenificha maisha yangu yote, jua amefika ukutani."

Moyoni sikusikia kitu. Nilitafuta hasira, nikatafuta huruma, nikapapasa kama mtu anayetafuta funguo kwenye suruali ya jana.

"Wakili, tembea," Wakhungu akasema nyuma yangu. "Umetutetea siku nzima, sasa ni wewe umetuzuia?"

"Shuka na hiyo simu, mwanangu," Muno akasema. "Tutaonana huko chini."

"Mama yako amelala," yule Wachira akasema sikioni mwangu, na hakusema kwa ubaya. "Wangu bado anapumua, lakini si sana. Mimi siwezi kuchagua peke yangu. Nikiingia pale ndani nisimame, niseme nini?"

Mguu wangu mmoja ulikuwa kwenye ngazi. Nyuma yangu ndege nzima ilikuwa imesimama na mizigo mikononi, joto la watu likinisukuma mgongo.

Kule Kajiado mlango ukafunguka, na nikasikia Naserian akiita kwa sauti, "Wachira Gakuru."

Tukaitika pamoja.